Mlango Niliokataa Kuufungua

Mimi ni mtu wa hasira, na naanzia hapo ili msomaji asije akanihurumia pasipostahili. Nimewahi kumchapa mwanafunzi mpaka fimbo ikakatika, nikaagiza nyingine. Nimewahi kumpiga kofi kondakta pale stendi ya Bariadi kwa sababu alirusha begi langu juu ya gari, nalo lilikuwa na chupa za kioo ndani. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo kule Zagayu. Ng'ombe wa plau akigoma katikati ya shamba la pamba, alimtwanga kwa mpini wa jembe mpaka mnyama akapiga magoti, halafu anatugeukia sisi watoto kwa macho ya kuuliza nani anafuata. Nilimchukia mzee yule, na bado nikamrithi.

Nafundisha kemia sekondari. Lakini kazi iliyokuwa moyoni mwangu miaka ile ilifanyika nyumbani, pembezoni mwa mji, katika stoo niliyoziba dirisha lake kwa bati na nailoni nyeusi. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamivu huku nafundisha, na utafiti wangu ulihusu kuviamrisha vimeng'enya kwa mwanga.

Nitaeleza kidogo, kwa sababu usipoelewa hili hutaelewa kwa nini mtu aliuawa mlangoni kwangu. Ndani ya kongosho, liwe la mtu au la ng'ombe, kuna kimeng'enya kinachoitwa tripsini, kazi yake ni kukatakata nyama tunayokula. Na kongosho lenyewe ni nyama. Kwa hiyo mwili unaitunza tripsini ikiwa imelala, kila chembe ina kamkia kanakoizuia kufanya kazi. Kamkia kakikatwa, chembe inaamka. Kinachokakata ni tripsini yenyewe iliyokwisha kuamka. Moja inaing'ata jirani yake, jirani anaamka na kung'ata wengine, na kabla hujamaliza kikombe cha chai hakuna iliyolala. Hali hiyo ikimpata mtu, kongosho lake linajila lenyewe, na maumivu yake ni ya kugaragara sakafuni.

Sisi tunaojaribu kuiga mwili ndani ya chupa tunataka vita hiyo ianze na kukoma kwa amri yetu. Amri safi kuliko zote ni mwanga, maana hauongezi kitu chochote ndani ya chupa, na unaweza kuupiga kwa sekunde unayoitaka wewe. Rafiki yangu wa chuo kikuu alinitengenezea dawa inayoziba mdomo wa tripsini gizani, na inayovunjika ikimulikwa kwa taa ya bluu. Taa nyekundu haiigusi, ndiyo maana stoo yangu ilikuwa na balbu moja nyekundu tu. Mwanga wa jua ungeivunja yote mara moja. Ilikuwa imebaki kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu, na rafiki yangu alikuwa ameshaondoka chuoni.

Tripsini yenyewe nilijitengenezea, kwa kuwa ya kununua ilifika Bariadi ikiwa imeoza njiani. Nilikata kongosho vipandevipande, nikaviloweka kwenye maji ya betri ya gari niliyoyapunguza makali, nikachuja, halafu nikatia mbolea ya SA, ile ile tunayoiweka kwenye mahindi, mpaka kimeng'enya kikajitenga na kuzama chini. Walimu wenzangu walinicheka sana. Mmoja aliniuliza kama nakusudia kupanda ng'ombe.

Kongosho nililetewa na mtu mmoja wa machinjioni. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, kijiji chetu ni kimoja, na kwa umri nilipaswa kumwita baba. Nilimwita bhabha kwa Kisukuma chetu, naye aliniita mwalimu na kunisalimia kwanza, jambo ambalo kwa heshima ya umri lilitakiwa kuwa kinyume. Nilimwacha aendelee hivyo. Nilikuwa nimezoea.

Nilikwenda kumtazama kazini mara moja. Alimwangusha fahali kwa kamba mbili, akakaa juu ya shingo, akakata. Damu ilimruka usoni na hakupepesa macho. Mnyama alikuwa bado anarusha miguu wakati yeye ameshaingiza mkono mpaka kwenye bega, anapapasa ndani, akatoka na kongosho zima bila kulichana. Wenzake walikuwa wanawarushia mbwa kipande hicho. Yeye alikiweka kwenye ndoo ya barafu kwa mikono miwili.

Wiki chache kabla ya siku ninayoisimulia, alichelewa. Alikutana na jamaa kutoka Malampaka, wakasimama kuulizana habari za nyumbani kama watu wenye adabu wanavyofanya, na alipofika barafu ilikuwa maji na kongosho limeanza kulegea. Nilipandwa na mori. Niliikamata ile ndoo nikaitupa ukutani, maji na nyama vikamrukia kifuani.

"Nusu saa!" nilimpigia kelele. "Kutoka tumboni mwa ng'ombe mpaka mlangoni kwangu ni nusu saa! Usisimame, usisalimie mtu. Kimbia!"

"Nimekosa, mwalimu," alisema. Akaokota ndoo yake. "Nitakuwa nakimbia."

Sasa nieleze mwano, kwa ajili ya wasiotoka kwetu. Ng'ombe wakiibwa, aliyeibiwa anapiga yowe refu, na kila anayelisikia analichukua na kulipiga tena, likaruka kutoka mji hadi mji kwa kasi kuliko pikipiki. Mwanamume anayesikia mwano anaacha alichoshika, anabeba rungu au panga, na anakimbia kuelekea lilikotokea. Asiyetoka ataitwa kujieleza mbele ya sungusungu, yaani wanaume wa ulinzi wa jadi. Na anayeonekana anakimbia kuupa mwano kisogo, huyo hana la kueleza. Mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo. Yule mtu wangu wa machinjioni pia alilijua, tena kuliko mimi, maana alikuwa amekimbilia mwano tangu ujana wake.

Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, shule zimefungwa. Tulikuwa tumekubaliana Alhamisi. Siku hiyo nilikuwa na kimeng'enya cha kutosha kutoka safari iliyopita, nikaamua kufanya jaribio kubwa kwa ile dawa ya mwisho. Nilitundika dripu mbili za hospitali zidondoshe malighafi mpya, tripsini iliyolala na dawa ya kuizuia, kwenye kichupa, na mrija mmoja utoe ya zamani. Mpango wangu ulikuwa kumulika mara tatu kwa nafasi nilizozihesabu. Kila nikimulika, tripsini iamke, iwake, halafu dripu iisafishe na kizuizi kipya kiitulize. Kila baada ya dakika mbili nilichota tone moja nikalitia kwenye asidi ya kulisimamisha, ili baadaye niyapime matone yote kwa rangi ya njano inayozidi kadiri tripsini ilivyoamka. Ikifaulu, ningekuwa nimeufanya mtandao mzima wa vimeng'enya upumue kwa amri yangu, hapa hapa Bariadi, kwa mbolea na maji ya betri.

Nilimulika mara ya kwanza. Nikamulika mara ya pili. Kisha nikausikia mwano.

Ulitoka upande wa machinjio, ukapita juu ya nyumba yangu, ukaenda upande wa barabara ya Maswa. Niliujua kwa mlio wake kwamba ni wa ng'ombe. Baadaye ndipo niliposikia habari yenyewe. Mtu alikuwa ameamka akakuta dume lake halipo zizini, na baada ya kutafuta asubuhi nzima watu walilikuta kwenye vichaka ng'ambo ya korongo, limechinjwa, mapaja yamechukuliwa, tumbo limepasuliwa. Mimi nilichofanya ni kuangalia saa na kuchota tone. Nilishaapa siku nyingi kwamba mwano hautanitoa kwenye kazi yangu, na waje wanihoji wakitaka.

Mtu wangu wa machinjioni alikuwa anakatiza korongo hilo hilo na ndoo yake. Asubuhi ile walikuwa wamechinja fahali mkubwa, akaona lile kongosho, akaona Alhamisi ni mbali, akaamua kuniwahishia. Nguo zake zilikuwa na damu mbichi. Aliusikia mwano ukipigwa nyuma yake. Angegeuka, angeungana na wenzake, angetupa ndoo na kuokota jiwe, angekuwa hai leo. Alikumbuka nusu saa yangu. Akakimbia mbele, mwano mgongoni, kuelekea mlangoni kwangu.

Walimkamata mita chache kutoka uani. Walikuwa wanaume wa kitongoji cha jirani, hawakumjua. Walifunua ndoo wakakuta kiungo cha ndani cha ng'ombe, bado cha moto chini ya barafu. Wakamuuliza anakipeleka wapi, akasema anampelekea mwalimu, mwalimu anakitia kwenye chupa na kukimulika taa. Hebu fikiria jibu hilo mbele ya wanaume ishirini wenye marungu. Lakini kamanda wao wa sungusungu aliwazuia. Hili lazima niliandike. Aliwazuia, akasema mwalimu aulizwe kwanza.

Ngumi zikalia kwenye mlango wa stoo.

"Mwalimu! Mwalimu, fungua!"

"Siwezi!" nilijibu. "Nina kazi!"

"Fungua kidogo tu, utazame."

"Nimesema siwezi! Mwanga ukiingia umeniua!"

Niliyasema hayo kwa kinywa changu. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja kufika mara ya tatu.

"Basi tujibu ukiwa humo humo," kamanda alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu anayefuata utaratibu. "Tuna mtu hapa ametoka upande wa mwano, anakimbia, ana nyama za ndani. Anasema wewe ndiye umemtuma. Ni kweli?"

Ndipo nikaisikia sauti ya pili, karibu kabisa na ubao wa mlango.

"Mwalimu, ni mimi. Nimewahi leo. Waambie. Barafu haijayeyuka, mwalimu."

Niliijua sauti ile. Sitaki kujificha hapa. Niliijua kama ninavyoijua ya mama yangu. Na kilichonipanda kichwani hakikuwa hofu juu yake, kilikuwa hasira. Nilimwambia Alhamisi, kwa nini amekuja Jumanne? Kwa nini ameniletea kundi zima la watu kwenye mlango ambao anajua haufunguliwi? Anastahili viboko viwili vya kumfundisha siku za wiki. Hayo ndiyo niliyoyawaza, neno kwa neno, nikiwa na kichupa mkononi chini ya balbu nyekundu.

"Leo sijamtuma mtu!" nilipiga kelele. "Ondokeni mlangoni!"

Ilikuwa kweli tupu. Leo sikuwa nimemtuma mtu.

"Haya. Asante, mwalimu," kamanda alisema.

Pigo la kwanza lilitua kwenye mfupa. Sauti ya rungu kwenye mfupa naijua tangu utoto, baba alihakikisha tunaijua. La pili lilitua kwenye kitu laini zaidi. Yeye alilia mara moja, "Mwalimu!" kisha akalia kwa Kisukuma, akamwita mama yake, kisha sauti ikawa haina maneno. Mlango ulitikisika kwa sababu alikuwa ameushikilia. Walimbandua. Nilisikia kucha zake zikikwaruza ubao zinaposhuka. Mtu akasema mpeni nafasi, mtu mwingine akasema hapana, na zile fimbo zikaanza kuanguka bila mpangilio, za watu wengi, kila mmoja akipiga kwa sababu mwenzake amepiga.

Mimi nilichota tone. Dakika mbili, tone jingine. Nilijiambia wanamchapa tu, wataacha, halafu nitatoka niwatukane mmoja mmoja. Dakika ya kumi na moja ilipotimia niliwasha taa ya bluu kwa nusu dakika, kama ilivyopangwa, na nikabaki nikichota matone mpaka la mwisho. Nje walikuwa wamenyamaza muda mrefu.

Nilipofungua, jua lilinipiga machoni na kwa sekunde kadhaa sikuona kitu. Kisha nikaona mguu wake umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Uso ulikuwa umevimba ukawa uso wa mtu mwingine. Taya lilikuwa limehama. Vidole vya mkono wa kulia, ule aliouingiza tumboni mwa fahali bila kuchana kitu, walikuwa wamevisaga kwa jiwe, nadhani ili asiibe tena. Hapakuwa na mtu mwingine uani. Alikuwa bado anapumua, kwa mapovu. Kuku walikuwa wanadonoa vipande vya barafu vilivyotawanyika.

Nilimbeba mgongoni hadi barabarani nikilia na kutukana kila aliyepita. Bodaboda wawili walikataa kumpakia kwa sababu ya damu. Wa tatu nilimkaba koo mpaka akakubali. Alifia hospitali siku iliyofuata kabla ya adhuhuri, hakusema neno tena.

Nitasema na hili, maana nimeahidi kutojificha. Jioni ya siku ile alipokuwa wodini, nilirudi nyumbani nikayapima yale matone. Yalipanda na kushuka mara tatu, mahali pale pale nilipoyaamrisha. Kilele cha tatu kilikuwa kizuri kuliko vyote. Nilikaa nikakitazama, na kulikuwa na sehemu ndani yangu iliyofurahi, na tangu siku hiyo sehemu hiyo naiogopa kuliko rungu la mtu yeyote. Grafu hiyo imo kwenye tasnifu yangu. Wasahihishaji waliisifu.

Polisi waliwakamata wanaume sita. Wengine walitoroka, inasemekana mmoja alionekana Mkula anavuna mpunga. Mimi niliitwa kuandika maelezo. Kamanda alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, pingu mikononi, miguu peku, mtu wa makamo mwenye macho ya kuchoka. Damu ilinichemka. Kabla askari hajaniona nimefika, nilimrukia, nikampiga ngumi ya mdomo, nikampiga na ya pili. Hakuinua mikono. Askari walinivuta nyuma kwa kola.

Alitema damu chini, akajifuta kwa bega.

"Mwalimu," alisema, bila ubaya wowote, "sisi tulikuuliza."

Askari wa zamu alinikalisha mezani, akafungua daftari. Aliniuliza kama nilisikia watu mlangoni. Nikasema ndiyo. Aliniuliza kama waliniuliza kitu. Nikasema walipiga kelele nyingi, sikushika maneno. Kamanda alinyanyua kichwa pale kwenye benchi. Askari akaniuliza kama niliitambua sauti ya marehemu.

"Hapana," nikasema.

Akaandika. Akanisomea, nikatia sahihi. Kamanda alinitazama muda wote. Alipelekwa mahabusu na wenzake, na utetezi wao kwamba mwalimu aliulizwa akajibu haukuwa na shahidi hata mmoja isipokuwa wao.

Nje ya kituo alikuwa amekaa mke wa marehemu, chini ya ukingo wa bati, kitenge kimefungwa kifuani kama wafungavyo wafiwa. Alikuwa amenisubiri. Nilitamani nipite upande wa pili, lakini alishasimama.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma, nikimwita mama.

"Mwadila, mwalimu." Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya moshi kwenye nguo zake. "Nina neno moja tu. Watu wanasema mume wangu alikuita. Wanasema alikuita kwa jina la ualimu wako, na wewe ulikuwa ndani."

Nilikuwa na nafasi. Hapakuwa na daftari hapo, wala askari. Alikuwa mwanamke mmoja anayeuliza jambo lake.

"Hakuniita, mayu," nilisema.

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea.

"Nilijua," alisema. "Nimewabishia wote pale msibani. Nikawaambia, angemwita, mwalimu angefungua. Alikuwa anakupenda, basi tu hakuwa mtu wa maneno. Hata siku ile alipita nyumbani na ndoo yake, akaacha uji mezani, akasema akichelewa utaudhika."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa kumbeba mume wake mgongoni, akanishukuru tena. Nami nikasimama pale nikashukuriwa mpaka alipomaliza.